Nafasi Kati ya Treni Mbili: Mji Hununua Nini Unaponunua Monoreli

Wauzaji wa monoreli huja na picha nzuri: treni nyeupe juu ya nguzo, miti imepandwa chini, abiria wanaangalia mji kutoka juu. Picha hiyo haionyeshi nafasi tupu iliyopo kati ya treni hiyo na inayoifuata. Nafasi hiyo ndiyo inayoamua abiria atasubiri dakika ngapi kituoni, mji ununue treni ngapi, madereva waajiriwe au wasiajiriwe, na kama siku mambo yakiharibika watu watarudi nyumbani wazima. Inauzwa kwa namna kadhaa, na bei zake hazifanani hata kidogo. Hapa nazilinganisha kwa niaba ya anayelipa, yaani mwananchi ambaye kodi yake inasimamisha nguzo na nauli yake inarudisha mkopo.

Kwanza tujue kwa nini monoreli ina ugumu wake. Kwenye reli ya kawaida, swali la treni iko wapi lilipata jawabu mwaka 1872, pale Mmarekani William Robinson alipopata hataza ya sakiti ya njia. Umeme mdogo unapita kwenye reli mbili za chuma hadi kwenye relei iliyo mwisho wa kipande. Treni ikiingia, ekseli zake zinaziunganisha reli hizo mbili, umeme haufiki tena kwenye relei, relei inaachia na taa inakuwa nyekundu. Uzuri wake ni kwamba waya ukikatika, betri ikiisha au reli ikivunjika, relei inaachia vilevile, na taa ni nyekundu tu. Ni kama mlinzi wa usiku aliyeagizwa apige filimbi kila baada ya dakika chache: filimbi ikinyamaza, nyumba nzima inaamka, iwe amevamiwa au amesinzia. Ndiyo maana ya mfumo unaoharibika kwa kuegemea upande wa usalama. Haujaahidi kwamba hautaharibika. Umeahidi kwamba ukiharibika, treni itasimama.

Monoreli nyingi za kisasa hutembea kwa matairi ya mpira juu ya boriti ya zege. Hakuna reli mbili za chuma wala ekseli ya kuziunganisha, kwa hiyo kifaa hicho rahisi cha miaka 150 hakifanyi kazi. Mji unalazimika kununua kitu kingine: nyaya za kitanzi zilizolazwa kwenye boriti, vibao vya kielektroniki vinavyosomwa na treni inapopita, au redio. Katika njia zote hizo, kwa sehemu kubwa treni ndiyo inayojitangaza ilipo. Je, ikinyamaza? Mfumo mzuri hauhesabu treni iliyonyamaza kuwa imeondoka. Unaendelea kuamini ipo palepale iliposikika mara ya mwisho, na hauiruhusu treni nyingine iingie hadi mtu au kifaa kingine kithibitishe kuwa njia iko wazi. Mfumo usiofanya hivyo ni mbovu kwa bei yoyote ile.

Breki nazo zinafuata kanuni hiyohiyo. Breki ya dharura hufungwa na springi, na shinikizo la hewa au la mafuta ndilo linaloizuia isifunge. Bomba likipasuka, springi inashinda na treni inasimama.

Sasa hesabu. Treni inayokwenda kilomita 80 kwa saa, ikipunguza mwendo kwa mita moja kwa sekunde katika kila sekunde, inahitaji karibu mita 247 kusimama. Kwa kilomita 40 kwa saa inahitaji mita 62 tu, yaani robo. Juu ya hapo unaongeza muda wa kompyuta kuamua na wa breki kushika, makosa ya kipimo cha mahali ilipo treni, na ziada ya tahadhari. Na hesabu haifanywi kwa breki nzima kwenye boriti kavu. Inafanywa kwa breki mbaya kuliko zote zinazokubaliwa njiani, mvua ikinyesha. Fedha zote tutakazozitaja hapa zinalipia namna ya kulinda mita hizo, na namna ya kuzipunguza bila kuhatarisha mtu.

Chaguo la bei ya chini kabisa ni macho ya dereva, yakisaidiwa na umbo la njia. Mfano wake ni monoreli ya Seattle, Marekani, iliyofunguliwa 24 Machi 1962 kwa ajili ya maonyesho ya dunia. Kampuni ya Alweg iliijenga kwa dola milioni 3.5, na mwaka 1965 mji ukainunua kwa dola 600,000. Urefu wake ni kama kilomita moja na nusu, boriti mbili, treni mbili, kila moja na boriti yake. Treni iliyo peke yake kwenye boriti haiwezi kugonga mkia wa mwenzake, kwa sababu hakuna mwenzake. Hakuna kompyuta inayoushinda usalama huo, na hauhitaji mkataba wa matengenezo.

Lakini mwaka 1988 kituo cha mwisho upande wa katikati ya mji kilijengwa upya, na boriti zikasogezwa karibu kiasi kwamba treni mbili haziwezi kupita hapo kwa pamoja. Kilichobaki ni kanuni kwamba mmoja amsubiri mwenzake. Tarehe 26 Novemba 2005 dereva mmoja hakumpisha mwenzake, treni zikakwaruzana kwenye kona, na huduma haikurejea hadi Agosti 2006. Naona hapa somo la kwanza la mnunuzi. Nafasi iliyobanwa kwenye ramani ya ujenzi hugeuka kuwa deni linalolipwa na utii wa binadamu, kila siku, kwa miaka mingi. Gharama yake haionekani kwenye mkataba, ila ipo.

Wiki chache kabla ya ajali hiyo, wapiga kura wa Seattle walikuwa wameukataa mradi mkubwa wa kujenga monoreli mpya, baada ya kuelezwa kwamba pamoja na riba deni lote lingefikia takriban dola bilioni 11. Walisoma hesabu ya mwisho badala ya bei ya mwanzo. Nawapongeza.

Chaguo la pili ni kuikata njia katika vipande, na kuweka breki inayojifunga yenyewe pale treni inapoingia kipande kisicho chake. Mfano maarufu upo Florida, kwenye monoreli ya Walt Disney World, iliyofunguliwa 1 Oktoba 1971 na yenye boriti za karibu kilomita 24. Mfumo wake uliitwa MAPO, jina la kampuni ambayo Disney waliianzisha kwa faida ya filamu ya Mary Poppins. Mbele ya dereva kulikuwa na taa. Kijani ilikuwa na maana vipande vilivyo mbele viko huru. Njano ilimtahadharisha kwamba treni nyingine haiko mbali. Nyekundu haikumwomba dereva chochote: breki ya dharura ilifunga yenyewe, na kituo cha uongozi kilitaka maelezo.

Mfumo wa vipande una sifa ambayo wauzaji wa siku hizi hawapendi kuitaja: fundi wa kawaida aliyefunzwa vizuri anaweza kuuelewa wote, kuupima na kuutengeneza. Vipuri vyake si siri ya kampuni moja. Udhaifu wake ni kwamba unapoteza nafasi. Treni ikibakiza mita tano kutoka kwenye kipande, kipande chote bado kinahesabiwa kuwa na treni, hata kama kina mita 300. Ndiyo maana njia za namna hii hutosheka na treni kila baada ya dakika kadhaa. Ikiwa ni dakika tatu, kwa saa zinapita treni 20 kila upande. Kwa miji mingi hiyo inatosha, na hapa sina haja ya kumung'unya maneno: mji wenye abiria wa treni 20 kwa saa hauna sababu ya kukopa ili ulipie 40.

Abiria wa Disney halipi nauli ya monoreli. Asidhani hata hivyo kwamba ni bure. Gharama imo ndani ya tiketi ya bustani na ndani ya bei za hoteli zilizo kando ya boriti, ambazo ni miongoni mwa hoteli ghali za eneo hilo.

Chaguo la tatu ndilo linalonadiwa zaidi leo. Linafupishwa CBTC, yaani kudhibiti treni kwa mawasiliano ya redio au ya nyaya za kitanzi, na katika umbo lake kamili vipande visivyohama vinafutwa. Treni inahesabu mizunguko ya magurudumu yake, inasahihisha hesabu hiyo kila inapopita kibao kilichofungwa kwenye boriti, na inatuma taarifa ya mahali ilipo. Kompyuta ya eneo inaijibu: una ruhusa ya kwenda hadi hapa, usipite. Ruhusa hiyo inasogea kadiri treni ya mbele inavyosogea. Kompyuta iliyo ndani ya treni inachora mwendo unaokubalika hadi kwenye kikomo, na ukizidi, breki inafunga. Mawasiliano yakikatika kwa sekunde chache, breki inafunga.

Kwa kawaida uamuzi mmoja hufanywa na kompyuta zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Katika mpangilio wa tatu, mbili zikikubaliana kazi inaendelea, na iliyopishana inatolewa. Daraja la juu la usalama linaloitwa SIL 4 linataka hitilafu ya hatari isizidi moja katika saa milioni 100 za kazi, yaani zaidi ya miaka 11,000 kwa kifaa kimoja. Teknolojia hii si changa. Mfumo wa SelTrac ulianza kuendesha treni za Vancouver, Kanada, katikati ya miaka ya 1980.

Kinachonunuliwa hapo ni nini? Chukua njia ya Line 15 ya São Paulo, Brazili, iliyoanza Agosti 2014 kwa treni za mabehewa saba zinazobeba karibu watu 1,000. Kwa treni 20 kwa saa, njia kama hiyo inapitisha watu 20,000 upande mmoja. Ukiweza kuzileta kila baada ya sekunde 90, zinakuwa treni 40 na watu 40,000, juu ya boriti zilezile na nguzo zilezile. Zege na vituo ndivyo vinavyomeza sehemu kubwa ya fedha za monoreli, kwa hiyo kuongeza uwezo maradufu bila kumwaga zege jipya ni biashara nzuri, ikiwa watu hao wapo. São Paulo wapo. Tena dereva anaweza kuondolewa, ingawa mishahara yake haiondoki yote: mingine inahamia kwa mafundi wa programu, wahudumu wa chumba cha uongozi, na ada za mtengenezaji.

Las Vegas watu hao hawakuwapo kwa idadi iliyotabiriwa. Monoreli yake ya kilomita 6.3 ilifunguliwa Julai 2004 kwa dola milioni 650, zaidi ya dola milioni 100 kwa kilomita, ikiwa na treni zisizo na dereva zinazoongozwa na SelTrac. Nauli ilianza dola 3, na mwaka 2006 ikapandishwa hadi dola 5. Kampuni iliyoiendesha iliomba kinga ya muflisi mwaka 2010, na tena mwaka 2020, ambapo mamlaka ya utalii ya eneo hilo iliinunua kwa dola milioni 24 na kidogo. Treni zake hazikugongana. Ulinzi wa nafasi ulifanya kazi yake, na bado mnunuzi wa kwanza alipata hasara kubwa. Mfumo bora wa kutenganisha treni hauleti abiria.

Vipeperushi vya wauzaji haviligusi jambo ninalolijali kuliko yote hapa: mfumo ukizimwa inakuwaje? Tazama ajali zenyewe. Usiku wa kuamkia 5 Julai 2009, Walt Disney World, treni ya rangi ya waridi ilitakiwa irudi nyuma na kuhamia boriti nyingine. Kwa ajili ya kurudi nyuma huko, ulinzi wa MAPO ulikuwa umewekwa kando. Boriti ya kubadilishia njia haikusogezwa, hakuna aliyethibitisha kwamba imesogezwa, na treni ikarudi moja kwa moja kwenye boriti ileile hadi kituoni, ikaigonga treni ya zambarau iliyokuwa hapo. Dereva kijana wa treni hiyo ya zambarau alikufa. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani ilitoa ripoti yake mwaka 2011, ikataja boriti isiyosogezwa, msimamizi asiyehakikisha, na Disney kutokuwa na taratibu kamili za kazi hiyo.

Tarehe 24 Mei 2021, Kuala Lumpur, Malaysia, kwenye njia ya treni nyepesi isiyo na madereva na yenye mfumo wa ukoo uleule wa Las Vegas, treni tupu iliyokuwa inaendeshwa kwa mkono baada ya hitilafu iligongana na treni iliyojaa. Watu zaidi ya 200 waliumia. Alfajiri ya 8 Machi 2023, São Paulo, treni mbili za monoreli ziligongana kabla abiria hawajaanza kupanda.

Angalia saa na mazingira: usiku wa manane, treni mbovu inayohamishwa, alfajiri kabla ya kazi. Treni zilikuwa nje ya ratiba ya kawaida, na angalau mara mbili kati ya hizo tatu mashine iliyonunuliwa kwa mamilioni ilikuwa imewekwa kando kwa muda ili kazi ndogo ifanyike. Kwa hiyo ninapolinganisha zabuni mbili, siangalii kwanza treni zinakaribiana kiasi gani saa za msongamano. Natafuta ukurasa unaoeleza kuendesha kwa mkono. Je, kasi ya mkono inazuiwa na mashine, au na karatasi ya maagizo? Kurudi nyuma kunalindwa sawa na kwenda mbele? Ruhusa ya kusogea inaweza kutolewa kabla boriti ya kubadilishia njia haijathibitishwa kuwa imefika na imefungwa? Gari la matengenezo la usiku limefungwa vifaa vya kujitangaza, au halionekani? Kuna njia ya pili, isiyotegemea redio ya treni, ya kujua kwamba kipande kina treni? Majibu ya maswali haya yanaongeza bei, na mtu anayetaka kushusha zabuni ataanza kukata hapo. Mimi ningekata kwingine: viti, skrini, urembo wa vituo.

Kuna hatari ambazo mfumo wa nafasi haununuliwi kuzizuia, na mnunuzi asidanganywe. Wuppertal, Ujerumani, treni za kuning'inia zilitembea tangu 1901 bila ajali ya kuua abiria hadi Aprili 1999, wafanyakazi wa usiku waliposahau kipande cha chuma kwenye reli. Treni ya asubuhi ikaanguka mtoni na watu 5 wakafa. Las Vegas, miezi miwili tu baada ya kufunguliwa, gurudumu lilidondoka, vipande vingine vikafuata, na njia ikafungwa hadi mkesha wa Krismasi.

Je, mji uanze na mfumo wa bei nafuu kisha ubadilishe baadaye? Kwa njia ndefu, hapana. London waliingia mkataba wa pauni milioni 354 mwaka 2011 wa kuweka mfumo mpya kwenye njia zake kongwe za chini ya ardhi, wakauvunja mwaka 2013, na mwaka 2015 wakasaini mwingine wa pauni milioni 760 na kampuni nyingine. Singapore, Novemba 2017, wakati njia moja ikitumia mfumo mpya na wa zamani kwa pamoja, ulinzi wa treni moja uliondolewa bila mtu kukusudia, ikagongwa na iliyofuata, na zaidi ya watu 30 wakaumia. Mumbai ilifungua monoreli yake mwaka 2014, ikaishi kwa miaka na treni chache zinazokuja kwa nadra, na Septemba 2025 ikasimamisha huduma ili iweke CBTC na treni mpya.

Cairo wamechagua kulipa tangu mwanzo. Mkataba wa 2019 ulihusu njia mbili, karibu kilomita 100, treni 70 za mabehewa manne zisizo na madereva, na matengenezo ya miaka 30 ndani yake. Mji wenye ukubwa wa Cairo una haki ya kuchagua hivyo. Tahadhari yangu ni moja: CBTC ya kampuni moja kwa kawaida haizungumzi na ya kampuni nyingine. Anayeinunua anaoa ukoo mzima wa vipuri, programu na mafundi. Reli ya SGR ya Tanzania inatumia ETCS, kiwango cha Ulaya cha kudhibiti treni ambacho vifaa vyake hutengenezwa na kampuni zaidi ya moja, hivyo mnunuzi ana pa kwenda akikorofishana na muuzaji. Mnunuzi wa monoreli mara nyingi hana pa kwenda, na lazima aweke bei ya vipuri na haki ya kupata programu kwenye mkataba kabla ya kusaini, akiwa bado na nguvu ya kubishana.

Kwa njia fupi ya kilomita mbili au tatu, nunueni boriti mbili na treni mbili, kila moja na yake, na msikubali zikaribiane popote. Kwa njia ya kati isiyotarajia treni zaidi ya 20 kwa saa, vipande vyenye breki ya lazima vinatosha, na mafundi wenu wataumiliki mfumo huo. CBTC inastahili bei yake pale tu ambapo abiria wa kujaza treni 30 au 40 kwa saa wamehesabiwa na watu wasiolipwa na muuzaji. Mradi wa aina hii ukifika mjini kwenu na wananchi wakaitwa kutoa maoni, ombeni kuona sehemu ya zabuni inayoeleza treni inaendeshwaje mfumo ukiwa umezimwa. Ikikosekana, au ikiwa nusu ukurasa, waambieni madiwani wasisaini.